Mkwe, Mbwa na Boksi Ambalo Halikufunguliwa

Jumamosi, mwezi wa nne. Asubuhi mvua ya upepo kutoka upande wa ziwani, mchana jua mpaka bati linalia.

Leo nimepanda pikipiki moja na mkwe wangu! Mimi, mtu mzima! Shule niliishia la saba, labda sitaeleza vizuri, ila nitasema kama ilivyokuwa.

Mkwe alifika asubuhi na binti yangu kutoka Bunda kwa pikipiki yake, mara yake ya kwanza tangu amuoe. Boksi la zawadi alimpa binti, binti akaniletea jikoni. Kwetu zawadi ya mkwe haifunguliwagi mpaka aondoke, utaonekana una njaa. Na mkwe na mama mkwe hawasogeleani: yeye sebuleni, mimi jikoni, maneno yanapita kwa binti; mkwe akivunja mwiko huo anatozwa mbuzi. Basi nikalisukuma chini ya kitanda. Nilidhani ni sabuni.

Alasiri binti akaenda kumsalimia shangazi yake. Nachemsha kuku, nasikia mbwa anahema uani kama amekimbizana na fisi. Natoka: ametapika, anatetemeka, anazunguka, mate yanamtoka. Huyu mbwa ndiye mlinzi wa mbuzi wangu. Tangu mume wangu afariki, napata usingizi kwa sababu yeye yupo. Nikasema moyoni, ni jirani, ameweka sumu ya panya! Juzi alilalamika mbwa anamlia mayai. Halafu nikajiuliza, umemwona? Sikumwona. Nikakimbilia maziwa, maana wazee wanasema maziwa yanaua sumu.

“Mama! Acha maziwa!”

Mkwe! Amesimama uani, ananitazama usoni, ameshika boksi lililochanika na karatasi za kung'aa zenye alama za meno.

“Amekula chokoleti yote niliyokuletea. Ni sumu kwa mbwa, mama, inakimbiza moyo mpaka unasimama!”

“Chokoleti? Si wanakula watoto?”

“Watoto ndiyo, mbwa hapana. Twende Butiama kwa daktari wa mifugo!”

“Na mimi nipande na wewe?”

“Nani atamshika? Faini ya mbuzi utanitoza kesho, mama. Leo panda!”

Jirani alikuwa ameshasikia kelele, anachungulia juu ya ua wa minyaa. “Nenda dada, kuku nitamwangalia mimi.” Yule yule wa mayai. Sikuweza kumtazama.

Nikapanda! Mbwa katikati yetu, nimemfunga kwa kitenge, moyo wake unanigonga tumboni kama mashine ya kusaga. Pale Kiabakari vijana wa bodaboda wakapiga kelele: “Bibi, huyo mjukuu mbona ana mkia?” Mkwe akacheka, na mimi nikacheka, nimeshika shati lake. Mungu anisamehe, nilikuwa naogopa na huku nafurahi. Upepo ule!

Daktari akauliza amekula kiasi gani, na ya aina gani. Mimi nitajuaje, sikufungua. Mkwe akajibu: boksi zima, ile nyeusi chungu, ameinunua Musoma. Daktari akaguna. Kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyodhuru zaidi, akasema, kwa kuwa sumu yake ni nyingi na mwili wa mbwa unachelewa kuitoa. Maziwa yasingesaidia kitu. Akamnywesha mkaa wa dawa, akamchoma sindano ya kumtuliza, akamtundikia dripu. Tukakaa benchi moja, mkwe na mimi, tunatazama ubavu unavyopanda na kushuka. Jua likaanza kupoa, na ubavu nao ukapoa. Mbwa akainua kichwa, akanilamba kiganja. Nilipiga vigelegele humo humo ndani!

Nani ana kosa? Mkwe hakujua kwamba mbwa wangu anaingiaga chumbani. Mimi sikujua kilichomo. Na waliotuwekea mila hawakuijua chokoleti. Labda nakosea, lakini siwezi kumhukumu mtu.

Tuliporudi binti alikuwa mlangoni, mdomo wazi. Mkwe akaingia sebuleni, mimi jikoni, kila mtu mahali pake.

Binti akaja. “Mama, anasema umsamehe.”

“Mwambie mbuzi simdai. Ila akija tena, aseme mapema ndani kuna nini.”

Nikamsikia mkwe anacheka kule kule sebuleni.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na kuku aliyemaliziwa na jirani, na yeye nimemzuia akala nasi. Chumvi ilizidi, sikusema. Mbwa amekunywa maji tu.