Baba Mkwe Nje ya Chumba cha Meno

Jino langu la nyuma lilianza kuuma msimu wa kupanda maharage, nikaliacha. Nilitafuna upande wa pili, nikasukutua maji ya chumvi, na kila nilipokwenda gulioni nilipitia duka la dawa. Muuzaji alinizoea hadi akawa ananifungia vidonge kabla sijafungua mdomo.

Haukuwa uzembe. Nilikuwa naogopa. Utotoni, kwetu Bukiriro, niling'olewa jino kabla ganzi haijashika, wajomba zangu wamenikandamiza mabega. Nimekuja kuzaa watoto wangu wote bila kelele, lakini nikisikia tu daktari wa meno, viganja vinalowa jasho.

Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Rusumo, mpakani. Tunamwona pale tu gari lake linaposimama Lusahunga: anakuja, analala, anaondoka. Alikuwa akinipigia simu kuuliza, "Umeenda?" Nami nilijibu, "Nitaenda." Mwishowe akaacha kuuliza.

Kwa hiyo hapa Nyamigogo nabaki na watoto na baba mkwe wangu, mzee mjane aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Kati yetu kuna heshima. Hatuli pamoja, wala hatutazamani usoni, na akikaribia uwani anakohoa kwanza ili nijiweke sawa. Miaka yote hiyo hatujazungumza mengi zaidi ya salamu, chakula na mifugo.

Asubuhi moja alinikuta nimeegemea ukuta wa jiko, shavu limevimba, uji unaungua. Alisimama mbali, akaangalia zizini.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba, mama. Kesho twende Biharamulo, hospitali."

"Nitaenda baba, wiki ijayo."

"Kesho. Nitakupeleka mimi."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Kesho yake tulikwenda kwa bodaboda mbili, ya kwake mbele, ya kwangu nyuma, nikila vumbi na kuomba tairi lipasuke. Halikupasuka.

Zamu yangu ilipofika niliingia, nikaona kile kiti na taa yake, nikasikia harufu ya spiriti. Nilikaa. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alipogeuka kuchukua vifaa, niliinuka nikatoka. Nilimkuta baba mkwe kwenye benchi la nje, nikasimama mbele yake. Hakunikaripia. Alitazama viatu vyake.

Daktari alitufuata. "Mzee, ingia ukae naye," alisema. "Wengi wanapata nguvu wakishikwa mkono."

Tuliinamisha vichwa wote wawili.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema mzee. "Haifai." Alifikiri kidogo. "Mama, ingia tu. Mlango usifungwe. Mimi niko hapa, nitakuwa nakohoa."

Nikarudi ndani. Safari hii daktari hakushika kitu. Aliniambia nikiinua mkono ataacha, kwa sababu yoyote ile. Nikauinua alipokuwa ndiyo kwanza ananisogelea, nimjaribu. Akaacha kweli, akarudi nyuma akasubiri. Ndipo nilipofumba macho. Alinichoma sindano ya ganzi, akasubiri, akagusa ufizi, akaniuliza, akasubiri tena. Kule nje mzee alikohoa. Kila nilipotaka kuinua mkono tena nilimsikia, kikohozi kilekile kikavu cha kila jioni uwani, nami nikavuta pumzi.

Nesi mmoja alipita, akamwambia, "Mzee, wenye kifua kikuu wanakaa upande ule."

"Sina kifua," alijibu. "Nina mkwe humo ndani."

Nilitaka kucheka lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Jino lilitoka. Nilidhani ningefurahi, au ningelia. Nilichoka tu, uchovu wa miezi yote hiyo ulionishukia miguuni kwa pamoja. Daktari akasema lipo jingine linalohitaji kuzibwa, nirudi. Niliitikia kwa kichwa kwa sababu sikuweza kusema.

Tulirudi vilevile, yeye mbele, mimi nyuma. Hakuniuliza kama niliumia. Tulipofika aliwaambia watoto waninyamazie, akaenda zizini, na baadaye akatuma kibuyu cha maziwa jikoni. Mume wangu alipopiga simu alipokea mzee, akasema, "Limetoka," kisha akaanza kumweleza habari za ndama.

Nisidanganye kwamba woga umekwisha. Nimeshaahirisha kurudi mara moja, nikisingizia mvua. Wiki ijayo nakwenda, na tayari silali vizuri. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba sasa najua nikiinua mkono, yule binti ataacha. Basi nafua kitenge cha kuvalia, natafuta jirani wa kuangalia ng'ombe, maana mzee atanisindikiza, na mchana huu nakunywa uji wangu taratibu, uliopoa, kwa upande wa meno mazima.