Mzunguko wa Kwanza

Kisa hiki kimenigharimu kiatu cha kushoto na heshima yote niliyokuwa nayo mtaani Umoja.

Jirani yangu Mama Brayo alinikaribisha kwenye chama chao. Alisema wanachama hujitolea kuandaa sherehe, na mzunguko wa kwanza ungekuwa siku ya kufungua msimu, kule bwawani. Alitaja boti pia, lakini sikio langu lilikuwa limeshika neno mzunguko. Nani Umoja asiyejua chama? Ni kupeana pesa kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, nikambembeleza, nikaahidi kupika pilau ya Krismasi, mpaka akaniweka wa kwanza.

"Wewe ni mgumu, Baba Shiro," akasema. "Wengine wote huogopa kuanza."

Nikashangaa. Nani anaogopa pesa?

Siku hiyo nilifika na mkoba wenye zipu mbili. Mama Brayo akanivika jaketi la kuelea, akanikalisha kwenye boti, akanipa kasia.

"Haya, zunguka bwawa lote utufungulie msimu!"

Wakanisukuma kabla sijauliza. Mimi hata beseni likijaa huliogopa. Boti ikayumba, nikarusha mguu, kiatu kikazama. Watu wakashangilia. Nikaukumbatia mkoba, nikalia kwa sauti:

"Mama Brayo, nirudisheni! Nipeni hata nusu, nitashukuru!"

Mama Brayo akaweka mkono sikioni pale ukingoni.

"Nusu ya nini, Baba Shiro?"

Siku hizi mtaani naitwa Baba Nusu, na pilau wanaingoja. Nishaurini: nipike, au nihame?