Kengele ya Ukungu

Kwetu Endagikot ukungu hauombi hodi. Unashuka ukiwa bado unakamua, ukiinua kichwa huoni hata pembe za ng'ombe uliyemshika. Ndiyo maana baba mkwe wangu alikuwa na kengele. Ilikuwa rimu ya trekta, aliyoipata kwenye vyuma chakavu mashamba ya ngano ya Basotu yalipobinafsishwa, akaitundika mbele ya nyumba yake, jirani na kiwanja cha ndege cha nyasi. Ukungu ukishuka aliigonga kwa nondo mpaka kila mchungaji afike nyumbani na mifugo yake. Hakuna aliyemwagiza.

Enzi hizo mkoa wetu ulikuwa umetoka kugawanywa, na tulikuwa bado tunajisahau na kuandika Arusha badala ya Manyara. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika, ukanikalia, na mtoto hakutoka. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Nesi wa zahanati aliomba ndege kwa redio, nikabebwa kwenye machela hadi kibandani pembeni ya kiwanja. Ukungu nao ukaja, kana kwamba ulialikwa.

Tukaisikia ndege juu. Nesi alitueleza anachosema rubani. Kwenye viwanja vikubwa kuna mitambo inayotuma mawimbi ya redio, na sindano mbele ya rubani humwonyesha kama amekwenda kushoto au kulia, kama yuko juu mno au chini mno, mpaka aione njia ya kutua. Kwetu kulikuwa na nyasi na nesi. Basi rubani alimwomba nesi asikilize mlio na amwambie kila anapopita juu yetu, ili yeye asije akapotelea milimani, azunguke hapo hapo akingoja ukungu upasuke. Asipopata jibu la uhakika angerudi alikotoka.

Hapo ndipo baba mkwe alipoanza kugonga. Aligonga kwa nguvu zote na kwa mapenzi yote, maana kwake kilichopotea kwenye ukungu huitwa kwa kengele, kiwe ndama, kiwe ndege. Nesi akaziba sikio moja, akatega jingine, akasema hajui tena ndege iko wapi. Mume wangu alikuwa ameenda kufukuza ng'ombe kiwanjani. Wazee waliokuwa kibandani walitazamana tu. Nani amkataze mzee anayehangaikia mkwewe?

Nilikasirika. Niliogopa pia, nisidanganye. Niliogopa kufa, na zaidi niliogopa kwamba mwanangu angekufa kwa sababu ya adabu zetu. Mkwe hampazii sauti baba mkwe. Nilijiinua kwa kiwiko na kuipaza, ila hata katika hali ile ulimi wangu haukuweza kuruka salamu.

"Shikamoo, baba!"

Kengele ikaacha kulia. Mzee yule hakuwahi kuacha salamu ipite bila jibu.

"Marahaba, mwanangu."

"Nyamaza kidogo, baba. Tunaisikiliza ndege."

Kukawa kimya, hata waliokuwa wakisali wakafunga midomo. Mlio ulikuwa umefifia kabisa. Nesi alimwita rubani arudi, akarudi. Akamwambia sasa uko juu yetu, sasa unatuacha, sasa uko juu yetu tena, mpaka ukungu ulipochanika upande wa bondeni na ndege ikashuka kwenye nyasi zilizolowa. Ilinipeleka hospitali, nikafanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Binti yangu alitoka akiwa na hasira kama za mama yake.

Baba mkwe hakuiacha kengele yake. Ila tangu hapo, akisikia ndege, hata zile kubwa zinazopita juu sana kwenda zao, aliacha kugonga, akasimama na nondo mkononi mpaka mlio uishe. Binti yangu alipopata akili ya kuuliza, alimwuliza babu yake huwa anasikiliza nini.

"Nakusikiliza wewe," alimwambia, kisha akaendelea kugonga.