Silinda ya Risasi Sita

Nestory alikuwa mtunza silaha jeshini, na kustaafu hakukumtoa mafuta ya bunduki mikononi. Rafiki yake wa kambini, Gabriel, alipofungua kampuni ya ulinzi hapa Sumbawanga, kila silaha ilipitia kwanza kwenye meza ya Nestory kule Milanzi. Malipo hakuyataka. Gabriel ndiye baba wa ubatizo wa binti yake, Luciana, na ndiye aliyempa binti huyo kazi ya kusindikiza magari ya mahindi kutoka Chala.

Asubuhi moja Gabriel alimletea bastola mbili za silinda.

"Ndugu yangu, moja naibakiza, nyingine naisalimisha polisi. Ipi?"

Nestory alizigeuza taratibu kama anayechagua mbegu. Ya kwanza ilibeba risasi sita, nzito, imetulia mkononi. Lakini silinda yake ilikuwa imelika, inacheza, tundu halikai sawa na mtutu. Ya pili ilibeba tano tu na ilirusha mkono vibaya, ila ilikuwa imekaza kila mahali.

"Bakiza ya risasi tano. Hii ya sita itampasukia mtu usoni. Usimpe hata adui yako."

"Nimekuelewa kabisa," Gabriel akasema, akaondoka nazo zote mbili.

Wiki iliyofuata Nestory alimwona sokoni, ile ya tano kiunoni. Akafurahi, maskini, kwamba amesikilizwa.

Jioni hiyo Luciana akarudi kutoka kazini. Akachuchumaa kumwamkia baba yake, akipiga makofi polepole kama Wafipa walivyomlea. Alipoinama, mkoba wa bastola ukagonga goti, na ndani chuma kikacheza. Mlio ule Nestory aliujua.

Hakuitikia shikamoo. "Hebu lete hiyo."

Ilikuwa ile ya sita, imepakwa rangi mpya.

Akampigia Gabriel simu.

"Ah, Nestory, hiyo ni ya kutishia watu tu," Gabriel akasema. "Na si wewe uliyeniambia ya tano ndiyo salama? Mwenye maadui ni mimi."

Nestory akakata simu.

Luciana alikuwa bado amechuchumaa, anangoja kuitikiwa.

"Baba, kwani ina nini? Mimi nilimuuliza baba Gabriel kama ni nzima. Akaniambia nisiogope, umeikagua wewe mwenyewe."

Nestory akaanza kuitoa risasi, moja moja. Ni kweli aliikagua.