Nyumba ya Pweza Niliyoivunja

Siku moja naikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, na wala haikuwa siku ya harusi wala ya Idi. Ilikuwa asubuhi ya mwanzo wa joto. Vuli imekwisha, shule zimefungwa, na bahari yetu ya Likoni imetulia, maji meupe hadi unaona kucha zako ukiwa umesimama kiunoni. Nimekaa hapa barazani nakutazama unavyozungusha kidole kwenye simu, nikasema leo nitamsimulia huyu. Akitaka asikilize, asipotaka nitamsimulia paka.

Miezi hiyo kila mtu alikuwa na lake la kujipendezea. Mamangu na mashoga zake walisukana nywele uani, na hapo ndipo ungejua habari za mji mzima. Babangu alikuwa fundi wa kujenga, lakini akishaswali alasiri kazi yake ilikuwa karata tu, tena mwizi wa karata, Mungu amrehemu. Sisi wasichana tulikata maembe mabichi, tukayatia chumvi na pilipili, tukala mpaka meno yakafa ganzi. Na juu ya hayo yote, mimi nilikuwa na wazimu wangu mwingine, wa kwenda mwambani.

Wewe umezaliwa hapa hapa, lakini sidhani kama umewahi kushuka siku ya bamvua ukatazama sawasawa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji yanakupwa mbali mno. Unatembea kwa miguu yako pahali ambapo alfajiri palikuwa na kina cha kumfunika mtu mzima. Wallahi mimi nimeona hayo tangu sijaota meno ya pili, na mpaka leo, na magoti haya yanayolia, nikifika pale nasimama kwanza. Kila dimbwi lina wenyewe: visamaki vya buluu, kaa waliojibandika kwenye jiwe, viti vya pweza, wale wa mikono mitano kama nyota, vyenye rangi ambazo hata duka la leso halina. Nilikuwa nachutama penye dimbwi moja mpaka miguu ikafa, nikarudi nyumbani nimeungua mgongo, nikagombezwa, na kesho yake nikaenda tena.

Aliyenifundisha kwenda huko ni Bi Mishi, mjane mmoja aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Yeye alikuwa mtafutaji wa pweza, kazi aliyorithi kwa mamake. Pweza, mwanangu, ana nyumba yake, tundu ndani ya mwamba, na mlangoni hutupa magamba na maganda ya kaa aliokula. Ukijua kutazama, utajua yumo. Unatia kijiti, anakishika, unamvuta. Na nyumba ukiitunza, ukishamtoa huyu, hazipiti siku nyingi anahamia mwingine. Kwa hiyo mwanamke wa mwambani hata siku moja habomoi nyumba ya pweza. Na jiwe akiligeuza hulirudisha lilivyokuwa limelala, kwa sababu chini yake mna viumbe wasiostahimili jua. Bi Mishi alikuwa akirudi nyuma hatua ishirini kulaza jiwe nililolisahau mimi, huku ananisonya.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kulikuwa na nyumba moja, chini ya jiwe pana, ambayo Bi Mishi alianza kuipita bila ya kutia kijiti. Anainama, anachungulia, anacheka peke yake, anaondoka. Nilipomwuliza akaniambia mwenye nyumba ana shughuli yake, tusimsumbue, wala nisimpeleke mtu pale. Nikaapa. Ni shughuli gani, sikuuliza.

Nikwambie mapema usije ukahangaika. Yule pweza alikuwa jike, ametaga, yuko ndani analalia mayai. Na Bi Mishi macho yake yalikuwa yanafifia, daktari alikwisha mwambia hayatarudi. Miaka yote ile ya mwambani alikuwa hajawahi kuyaona mayai ya pweza yakifunguka, na hiyo ndiyo ilikuwa hamu yake moja, ayaone kabla macho hayajafunga. Mamangu alimweleza, lakini mimi hakunieleza, kwa sababu alinijua. Sikuwa na kifua.

Basi akaja Riziki, binti wa ami yangu, kutoka Changamwe, kukaa nasi likizo. Riziki alikuwa mzuri, tena anajua, na kila kitu kwao kilikuwa bora kuliko kwetu. Siku ya tatu, tumekaa tunakula maembe, akasema ati sisi watu wa Likoni tunajisifu pwani, na yeye tangu aje hajaona hata dagaa. Kweli alikuwa anatania tu. Lakini mimi ikanichoma. Nikamwambia kesho bamvua, nitakutolea pweza kwa mkono wangu.

Asubuhi Bi Mishi alikuwa na wageni, na mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikachukua kijiti, na kwa kiburi tu nikaongeza kipande cha nondo kutoka vifaa vya babangu. Nyumba nyingine zote tulizopita zilikuwa tupu, au mimi sikujua kutazama, sijui. Riziki akaanza kupiga miayo. Ndipo nikampeleka penye lile jiwe pana.

Nilitia kijiti. Pweza wa kawaida hukidaka kwa hasira, lakini huyu alikisukuma tu nje, polepole, kwa mkono mmoja, kama mtu anayekwambia ngoja kidogo. Nikatia tena, akasukuma tena. Riziki akacheka. Mwanangu, kicheko cha mwenzako katika umri ule ni kitu kibaya. Nikaitia nondo chini ya jiwe, nikaling'oa, dari yote ya nyumba ikapinduka na kuangukia ukingoni mwa dimbwi, nusu majini, nusu juani.

Hakukimbia. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Njia ilikuwa wazi, maji yapo, na hakutoa wino wala hakukimbia. Alijitandaza tu juu ya mwamba pale alipokuwa, nikambandua kwa mikono miwili, naye mwepesi kama nguo iliyokauka. Kisha nikalitazama lile jiwe. Upande wake wa chini, ambao sasa ulikuwa juu, ulikuwa umening'inizwa nyuzi nyeupe, maelfu, na kila uzi una vipunje kama vya mchele, na kila kipunje kina nukta mbili nyeusi. Riziki akasema uchafu gani huo. Nikasema ndiyo, uchafu, na moyo wangu unanikataza.

Mamangu alikuwa anafua tulipoingia. Alimtazama yule pweza mara moja tu, akaiacha nguo ndani ya beseni. Akaniuliza nimemtoa nyumba gani. Nilipomjibu akakaa chini kwenye kigoda, kisha akaniambia niende mwenyewe kwa Bi Mishi nikamwambie kwa kinywa changu, tena mbio, kabla maji hayajajaa. Riziki alijificha chumbani mpaka alasiri.

Nilimkuta Bi Mishi na wageni wake wanakunywa chai. Nikatoa shikamoo, akaitika marahaba, na pale pale mlangoni, mbele za watu, nikalisema lote. Nilitaka anipige. Hakunyanyua hata sauti.

"Jiwe umelirudisha?" akauliza.

"La, nyanya."

Akawaomba radhi wageni, akajifunga leso, akanyoosha mkono. Siku zote nilipotaka kumshika mwambani aliuondoa mkono wangu. Siku ile alinishika yeye, akaniambia nimwongoze.

Maji yalikuwa yamekwisha geuka. Tulipofika yalitufika juu ya vifundo, na jiwe lilikuwa vile vile nilivyoliacha. Zile nyuzi za upande wa jua zilikuwa zimekauka, zimegandamana na jiwe. Bi Mishi alizipapasa kwa vidole, akajua. Akakaa chini ndani ya maji, na nguo zake zote.

"Saumu," akaniita jina langu, "yule tangu atage alikuwa hali kitu. Kazi yake kuyapepea maji haya mayai, usiku na mchana, na yakifunguka, naye ndio anakufa. Alikuwa amebakisha siku mbili tatu. Nami sikumtaka kwa kitoweo. Nilikuwa naja kumtazama tu."

Nililia mwanangu, kilio cha kutoka tumboni. Yeye hakunibembeleza wala hakunikataza. Aliniambia tulisukume jiwe lote liingie dimbwini, tukalisukuma. Kisha akaanza kuyapepea maji kwa kiganja, taratibu, juu ya zile nyuzi zilizobaki hai, kama alivyokuwa akifanya mwenye nyumba. Akaniambia na mimi nipepee. Tukapepea, jua liko utosini, maji yanatupanda mapajani.

Sijui ni muda gani. Mkono ulikuwa umeanza kuniuma. Nikaona, kabla ya siku zake, labda kwa msukosuko ule, kipunje kimoja kimepasuka, na ndani yake akatoka pweza. Nasema pweza, mwanangu, si funza wala si tone la ute. Pweza kamili, mdogo kuliko punje ya mchele, ana macho, ana mikono yote minane, anasimama ndani ya maji kama mtu aliyeamka anajiuliza yuko wapi. Alikuwa mweupe, nikamtazama akageuka kahawia, kisha mwekundu, kisha mweupe tena. Hana hata dakika moja duniani, na rangi anazijua! Nikasema Subhanallah, na nywele zilinisimama mwili mzima.

Akatoka wa pili. Halafu wakatoka kumi, halafu sikuweza tena kuhesabu. Uzi mzima unapasuka, wanapanda juu kama moshi, wanazunguka vidole vyetu. Mmoja alitua juu ya kiganja changu. Nilipotikisika alitoa wino, nukta moja, kama ncha ya kalamu iliyogusa karatasi, akaenda zake. Mimi mvunja nyumba nilikuwa katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyenijua. Nimezaa watoto watano, mwanangu, nimekwenda Makka, na bado nakwambia kwamba sijapata kuogopa uwezo wa Mungu kama nilivyouogopa pale, nimechutama dimbwini na macho yamevimba kwa kulia.

Nikamgeukia Bi Mishi nimwone anavyofurahi. Alikuwa ameinama mpaka pua imegusa maji, bado anapepea. Lakini alikuwa anatazama upande mwingine, upande wa mwamba mtupu.

"Yameshaanza?" akaniuliza.

Vile vitoto vilikuwa vinapita baina ya vidole vyake, na yeye havioni. Alichokuwa akiweza kukiona ni yule mama, ambaye ana ukubwa wake. Huenda angeuona ule mtikisiko wake siku ya mwisho, jinsi anavyoyapuliza maji kuwatoa wanawe, na kwa huyo angejua saa imefika. Na huyo mimi nilikuwa nimemwacha nyumbani ndani ya sufuria.

"Yameshaanza, nyanya. Wanatoka."

"Basi nihadithie. Usiharakishe."

Nikamhadithia. Nilimwambia rangi, nilimwambia wino, nilimwambia wanavyosimama wima kabla ya kuondoka. Akiniuliza macho yao yakoje, natazama upya, namwambia. Akiniuliza wanaelekea wapi, natazama upya. Maji yalitufika kifuani tumekaa, nikamwambia tuondoke, akasema bado, yupo mwingine huyo, sema. Nilisema mpaka nyuzi zote zikawa tupu. Kisha akaniamuru nilirudishe jiwe pahali pake, nikalirudisha kwa kupapasa chini ya maji, tukarudi nchi kavu tumeshikana mikono.

Hakunisema tena kwa jambo lile, wala hakumwambia mtu mwingine. Ile nyumba mimi niliitembelea miaka na miaka, na hakuna pweza aliyehamia. Joto lilipoanza mwaka wa pili yake, Bi Mishi alikuwa haoni hata mlango wake, na kila bamvua nilimshika mkono tukaenda, nikamwambia kilichomo ndani ya kila dimbwi. Watu wakanisifu kwa wema. Sikuwa mwema, nilikuwa najaribu kulipa, na halikulipika.

Sasa sikiliza wasia wangu, kisha nikuachie simu yako. Katika mambo ya kukupendeza hapa duniani, mengi ni ya bure na ni ya kutazamwa tu. Jifunze kutazama bila ya kuchukua. Ukimwona mtu anakiendea kitu kila siku, anakichungulia na kuondoka, jua kuna anachokingoja, na usikiguse, hata kama wewe hukioni thamani yake na hata kama wenzako wanakucheka. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, nenda ukaseme siku hiyo hiyo, mbele ya yeyote aliyepo, wakati bado pana kidogo cha kuokoa. Lakini usijidanganye kwamba kukiri kutarudisha. Bi Mishi nilimpa maneno yangu yote, na hata leo najua kuwa alichokitaka ni kuona.

Mungu akuhifadhie macho yako, mwanangu, na akupe subira ya kuyatumia. Na siku yatakapochoka, akupe mtu wa kukaa nawe majini, akuhadithie asiharakishe.