Shangazi na Kiti cha Mbele

Watu wengine wakizeeka hupoa. Shangazi yangu kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi kuchemka, na mimi ndiye niliyepewa sufuria niishike. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, akanisomesha, akaniozesha, na mpaka leo akiniita kutoka chumba cha pili, naitika nikiwa nimeshasimama. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani simpendi. Nampenda. Ila kuna siku nampenda huku nimeuma meno.

Kazi yake ni kukodisha viti. Viti vya plastiki, maturubai, meza za kukunja, na vile vitambaa vyeupe vinavyovishwa viti na kufungwa utepe kwa nyuma ili plastiki nayo ionekane ina heshima. Stoo yake iko uani, viti vimepandana hadi darini, na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya sabuni ya unga na turubai lililokunjwa kabla halijakauka. Lakini ukimwita mkodishaji viti atanuna. Viti, anasema, hata lori linaweza kuleta. Kazi yake yeye ni kujua nani akae wapi.

Na kwa hilo hana mpinzani. Iwe harusi, iwe mahafali, iwe mkutano wa wazazi, yeye husimama penye mlango wa turubai, mkono kiunoni, akikagua watu kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe, baba, mbele. Nyinyi vijana, kule nyuma, acheni kujipendekeza." Nimemwona kwa macho yangu akimwinua mjomba wa bwana harusi kwenye meza kuu, sahani ikiwa mkononi, kwa sababu kaka yake mkubwa amechelewa kufika na viti vimekwisha. Mjomba akainuka. Wote huinuka. Kiti cha Shangazi mwenyewe ni safu ya kwanza, pembeni, na akikikuta kimekaliwa hasemi neno. Husimama tu mbele ya aliyekikalia mpaka mtu yule atoke jasho.

Sasa mchukue mtu huyo umtie ndani ya gari.

Sisi tulinunua gari mwanetu alipokuwa na miezi minne. Gari dogo lililokwishatumika, rangi ya fedha, mlango mmoja haufungi mpaka uubembeleze. Mume wangu ni fundi wa majokofu, amechoka kubeba mitungi ya gesi begani. Siku ya kwanza tu Shangazi alilizunguka lote akilipapasa, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akakaa, akanyoosha mikono.

"Haya, nipeni mume wangu."

Mume wake ni mwanetu, tunayemwita Bonge kwa ajili ya mashavu yanayotaka kumziba macho. Bibi na mjukuu wana utani wao, mimi siuingilii. Kilichonipandisha presha ni kumwona amempakata pale mbele, uso wa mtoto unaitazama dashibodi kwa karibu, na mkanda wa kiti unaning'inia pembeni hauna kazi.

"Shangazi, mtoto ana kiti chake. Kile kule nyuma."

"Kiti? Na haya mapaja yangu ni ya nini?"

Ndipo mateso yangu yalipoanza. Mbele ya abiria, ndani ya dashibodi, kuna mfuko wa hewa. Gari likigonga, mfuko unafumuka kabla mtu hajapepesa jicho, na unatoka kwa nguvu ya kutisha. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda, akakaa mbali nao. Mtoto mchanga hatakiwi kuwa mbele yake kabisa. Akiwa amepakatwa, au akiwa kwenye kiti chake kilichoipa dashibodi mgongo, kile kilichowekwa kuokoa watu ndicho kitakachompiga kichwa. Gari letu halina swichi ya kuuzima. Nilisoma kitabu cha gari ukurasa kwa ukurasa nikiitafuta.

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kwa Shangazi hayasemeki. Kwake yeye, kumtaja mtoto na kifo katika sentensi moja ni uchuro, na mwenye kusema uchuro hunyamazishwa kabla hajafika mwisho.

"Shangazi, pale mbele si pazuri kwa mtoto."

"Kwa nini? Kuna upepo? Pandisheni kioo."

"Si upepo. Kuna mfuko wa hewa mle. Umewekwa kuokoa watu, lakini ukifunguka na mtoto yuko pale, unaweza ku..."

"Ishia hapo hapo! Usimtajie mjukuu wangu uchuro."

Nikameza neno. Nikatafuta lingine lililo jepesi. "Utamshtua," nikasema.

"Akishtuka atalia, akilia nitambembeleza. Nimebembeleza wangapi mimi? Tia gari moto, mkwe, jua linatuunguza."

Kwenye kile kibao cha kuzuia jua palikuwa na stika yenye picha: kiti cha mtoto, mfuko umefumuka, mstari mwekundu umekatiza katikati. Nikaona huu ndio ushahidi, maana picha haikatizwi maneno. Nikakishusha kibao, nikamwonyesha. Aliitazama muda mrefu, nikajua imemwingia. Safari iliyofuata nikakuta stika haipo. Kaibandua kwa kucha, na palipobaki gundi kapasugua kwa mafuta ya taa mpaka pakang'aa.

"Gari la mwenye mtoto mchanga halikai na picha kama ile," akaniambia. "Nimekusaidia."

Niliingia jikoni, nikafungua bomba, nikaacha maji yamwagike ili asisikie ninavyosonya.

Nikamgeukia mume wangu. Mwambie wewe, wewe ndiye dereva. Akanitolea macho kama nimemwambia aruke ukuta. "Mimi? Nimpangie mama mkwe kiti cha kukalia? Mtu anayewainua wajomba za watu?" Mwanamume huyu hushika nyaya za umeme kwa mikono mitupu, lakini mbele ya Shangazi sauti yake huwa ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Basi ikawa Shangazi akipanda mbele na kunyoosha mikono, mimi na Bonge tunashuka. Nambeba mgongoni, natembea kando ya barabara juani, na gari linatufuata nyuma polepole, mume wangu ameshika usukani huku ametazama chini, na Shangazi ametoa kichwa dirishani akiniuliza kwa sauti, majirani wote wasikie, kwamba amenikosea nini. Nilijua ninavyoonekana. Nilionekana mpwa asiye na shukrani anayemnyima bibi mjukuu wake. Jirani mmoja alinisimamisha akaniusia nimheshimu mzee. Nilitamani kumkabidhi huyo mzee.

Mwishowe mume wangu ndiye aliyepata dawa, kwa njia yake ya kuogopa. Alikuwa ametoka kutengeneza jokofu nyumbani kwa mkubwa mmoja. Jioni, tukinywa chai, akaanza kusimulia kama mtu asiye na habari na lolote. "Mama, leo nimejifunza kitu. Nimemwona yule mkubwa akiondoka kwenda kazini. Unajua alikaa wapi? Nyuma. Wakubwa hukaa nyuma, Mama. Mbele hukaa mbeba mkoba."

Kilemba cha ukoka hicho, kimefungwa kikafungika. Shangazi akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Mbeba mkoba," akasema.

Safari iliyofuata alisimama karibu na mlango wa nyuma akingoja afunguliwe. Akaingia, akajipanga, akaweka mkoba pembeni, na Bonge akawa ubavuni mwake kwenye kiti chake, amefungwa barabara, wakichekeana. Mimi nikakaa mbele, mbeba mkoba, na sijawahi kuwa na cheo kilichonifurahisha kama kile. Mume wangu alitembea kwa maringo wiki nzima. Kiburi cha Shangazi ndicho kilichotushinda siku zote, nikawa najiambia, na kiburi chake ndicho kilichotusaidia. Nilijiona nimemjua Shangazi mpaka mwisho.

Mimi nauza kwenye duka la dawa. Alasiri moja foleni imefika mlangoni, nikaona kupitia kioo gari letu linasimama ng'ambo ya kibaraza. Walikuja kunichukua. Nyuma amekaa Shangazi, mkoba mapajani, shingo imenyooka. Na mbele, kwenye kiti nilichozoea kukaa mimi, kimefungwa kiti cha mtoto, mgongo wake umeegemea karibu kabisa na dashibodi. Vidole vya miguu ya Bonge vilikuwa vinacheza hewani.

Sikumbuki nilivyotoka nyuma ya kaunta. Najua niliacha mteja na kopo la dawa ya kikohozi mkononi. Nilifungua ule mlango, nikamtazama mume wangu.

"Nani ameweka hiki hapa?"

"Mama amesema..."

"Mama amesema! Na wewe huna mdomo?"

"Nilimwambia labda tungoje ukija. Akasema twende."

"Mbona unapiga kelele barabarani?" Shangazi akauliza kutoka nyuma, kwa sauti yake ya mlango wa turubai. "Mtoto amelala njia nzima. Hata hajashtuka."

Neno lile, hajashtuka, ndilo lililonimaliza. Lilikuwa neno langu mwenyewe. Tangu nizaliwe sikuwahi kumpandishia sauti shangazi yangu, na siku ile niliipandisha mpaka watu wa foleni wakatoka nje.

"Si kumshtua! Kumuua! Mngegongwa hapo kwenye mzunguko, mfuko ule ungemuua, Shangazi! Unatokea hapa, mgongoni mwa kiti chake, unampiga kichwa hiki hapa, unamuua! Nimekwambia mara ngapi? Kila nikifungua mdomo unaniambia uchuro! Haya, uchuro huo!"

Nilingoja radi. Shangazi akanitazama, mdomo ukiwa wazi kidogo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, safari hii kwa sauti ya kawaida, na ikawa vibaya zaidi. Kabla sijamaliza alikuwa ameshashuka. Alipiga magoti pembezoni mwa gari, akaingiza mikono, akawa anavuta mkanda wa kile kiti, na mkanda hauachii kwa sababu hakujua pa kubonyeza, naye anazidi kuvuta. Bonge akaamka, akaanza kulia. Nikabonyeza mimi. Akamtoa, akambana kifuani, akasimama naye palepale kibarazani bila kumbembeleza.

Ningenyamaza hapo. Lakini hasira zilikuwa hazijakwisha, miezi ile yote ilikuwa bado imenikaa kooni.

"Wewe umekaa nyuma kama waziri," nikamwambia, "mtoto ukamweka mbele awe mbeba mkoba wako. Yote hii kwa ajili ya ukubwa!"

"Ukubwa gani?" akauliza, na niliona kweli hajaelewa. "Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ulisema mle mbele kuna mfuko uliowekwa kuokoa watu. Mimi nikatafuta nyuma, nikapapasa viti vyote, nyuma hakuna. Uko mbele tu. Ndiyo maana nikawa nataka kumpakata hapo, ili ukifunguka umwokoe yeye, hata kama mimi utanikosa. Halafu mkasema nikae nyuma. Nikakaa. Lakini leo wewe hukuwepo, kiti kiko wazi, na mfuko ni mmoja. Mimi chumvi yangu nimeshaila, mwanangu. Nikampisha."

Mume wangu aligeuza uso akatazama upande wa pili. Mimi nilisimama na mlango mkononi. Miezi yote ile nilikuwa nikigombana na kiburi ambacho hakikuwamo garini.

Tulikirudisha kiti cha mtoto nyuma, nikakifunga, nikakitikisa, nikamwonyesha mkanda unapopita na pa kubonyeza. Alifunga na kufungua mwenyewe mpaka akaridhika. Kisha akabaki amesimama nje, mtu anayewapangia watu wote pa kukaa, hajui mlango wa kushika.

Nikamfungulia wa mbele. Nikakisukuma kiti chake nyuma mpaka kikagota, nikautoa mkoba mapajani, nikamwambia aegemee, miguu chini, asiiname mbele. Nikamvutia mkanda begani, nikaufunga. Hakubisha hata kidogo, na kule kutobisha kulinitisha.

"Mbona hukuniambia?" akauliza polepole.

"Ulinikataza kusema, Shangazi."

"Tangu lini unanisikia?"

Nikaingia nyuma, nikakaa na Bonge. Nililia mpaka nyumbani, na bado nilikuwa nimemkasirikia.