Neno Lililomponza Msasa

Siku ya kwanza kukutana na Msasa nilimkatalia kitu ambacho hakuwa ananiuzia.

Nilikuwa likizo, na likizo yenyewe haikuwa wazo langu. Mimi nauza mapazia. Nilianza kwa kuyabeba begani nyumba hadi nyumba, leo nina duka lenye milango miwili, na kwangu mimi kufunga duka bila msiba ni jambo la kutiliwa shaka. Lakini mdogo wangu ni mwalimu, amezoea kuamrisha watu waliokaa. Tulipofika kwenye ule mji wa mapumziko, hata masanduku hatujafungua, akasema:

"Dada, mabega yako yamekuwa kama mbao. Kesho tunakwenda hamamu."

"Kufanya nini?"

"Utakaa kwenye mvuke, utasuguliwa, utamwagiwa maji, utanyamaza. Hilo la mwisho ndilo nitakalolilipia mimi."

Hamamu yenyewe ilikuwa nyumba ya kuogea ya mtindo wa Kiarabu, kuta nene, paa la kuba lenye matundu madogo yaliyozibwa kwa vioo. Upande huu wanawake, upande ule wanaume. Pale mapokezi alikaa msimamizi, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Nikamuuliza bei ile ndani yake mna nini na nini.

"Kila kitu, mama."

Mimi mwenyewe nimewahi kuuza "kila kitu", najua kinavyopungua mteja akishafika kwake. Nikamwambia aandike nyuma ya tiketi: mvuke, sabuni, kusuguliwa, taulo, chai. Akaandika huku anauma mdomo. Nyuma yake ukutani palikuwa na kibao: MHUDUMU ATAKAYEMWOMBA AU KUMUUZIA MTEJA CHOCHOTE AMEJIFUKUZISHA KAZI. Mdogo wangu alikiona akafurahi. Mimi nikajiuliza ni wangapi waliombwa na kuuziwa mpaka mtu akaenda kuchongesha kibao.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na makabati yenye funguo, lakini kila ufunguo nilioujaribu ulifungua na kabati la jirani. Basi pochi yangu nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaifunga mafundo mawili, nikaingia nayo kwenye mvuke.

"Itaiva hiyo," mdogo wangu akasema.

"Heri iive mikononi mwangu."

Tulikaa kwenye mvuke nusu saa, tumevaa mitalawanda, vile viatu vya mbao, inatutangaza kwa kila hatua, ko, ko, ko. Kisha wakatugawa. Mdogo wangu akabaki kusubiri zamu, mimi nikapelekwa chumba cha moto, na huko ndiko alikokuwa Msasa.

Hilo jina walimpa wenzake. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, kitambaa kichwani, glavu yake ya kusugulia, ya singa ngumu, imechomekwa kiunoni. Akanionyesha jiwe pana la katikati kwa kidevu. "Lala kifudifudi, mama."

Nikalala, pochi chini ya shavu. Akanimwagia maji ya moto kata mbili, akapitisha kiganja mgongoni taratibu, kama mimi ninavyopima kitambaa kabla sijataja bei. Maji yanachuruzika kila upande, sauti zinagonga kuba na kurudi. Akasema:

"Unataka, mama."

Hakuuliza. Alitamka kama habari. Wauzaji wa namna hiyo nawajua, ndio wabaya kuliko wote, maana nami nimekuwa mmoja wao.

"Sitaki," nikasema.

Akapitisha kiganja tena. "Mama, nakwambia unataka. Nyingi."

"Nyingi za nini? Sitaki hata moja! Nimeshalipa, na imeandikwa."

"Kulipa ni jambo jingine. Mgongoni unataka. Shingoni huku ndiyo usiseme."

"Mgongoni sitaki, shingoni sitaki! Nimwagie maji nitoke zangu."

Akasimama akinitazama. "Utoke hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Makubwa," akasema, akanimwagia kata tatu za haraka haraka kama mtu anayezima jiko, akaenda zake.

Nilifika mapokezi hata nywele hazijakauka. Nikamweleza msimamizi kwamba mhudumu wake kaninyanyasa kwa kuniuzia vitu juu ya jiwe, nikiwa nusu uchi, na kibao chake kiko pale pale ukutani. Akavaa miwani. "Alisemaje hasa?"

"Unataka, mama, unataka. Mara nne, mara tano."

Akaniangalia kitambo. Halafu akafungua daftari la malalamiko, akaandika, akanipa kalamu nikatia sahihi. Sikuondoka mikono mitupu: nilidai fidia, tukavutana, nikapata tiketi mbili za kurudi bure kabla likizo haijaisha. Nikaenda chumba cha kupumzikia kunywa chai yangu, nikiwa nimeridhika na asubuhi yangu.

Haikupita muda akatoka mdogo wangu, anang'aa kama sufuria jipya.

"Dada! Yule mama ana mikono! Ameniita nje ya zamu, anasema mteja wake kakimbia. Kaniambia nina taka mpaka nikaona haya."

Kikombe kikasimama njiani. "Kakwambiaje?"

"Una taka, mama. Kweli ninazo, basi! Ungeona zilivyotoka, vipande vipande."

Nikakiweka kikombe chini. Yeye akaniangalia, akaangalia mabega yangu, akaelewa. Alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Na wewe ukasema sitaki! Dada! Umeambiwa una uchafu, unajibu sitaki!"

Mdogo wangu huwa anaamini watu upesi, ndiyo maana hana duka. Mimi nilifikiri hivi: neno lenye njia mbili za kutokea, mjanja hashindwi kulitumia. Anakwambia "unataka", ukikubali kakuuzia, ukikasirika anasema alimaanisha uchafu. Nikanyanyuka nikamtafute mwenyewe.

Nilimkuta kwenye ujia wa nyuma, karibu na mashine za kufulia taulo. Ameshavaa nguo za nyumbani, amekaa kwenye benchi, glavu imekunjwa mapajani. Ameambiwa airudishe na aende.

"Umekuja kuniongezea lalamiko jingine?" akauliza.

"Nimekuja kuuliza. Kule ndani ulisema nini?"

"Nilisema ulichonacho."

"Kama ni uchafu wa ngozi, mbona usiseme nongo, kama watu wote? Nongo ningeelewa."

Akacheka bila furaha. "Nongo ndilo neno langu la miaka yote. Mwaka juzi mgeni mmoja aliambiwa ana nongo akalia, akasema katukanwa. Msimamizi akatukusanya: kuanzia leo nongo ni marufuku, semeni taka, taka ni neno la kistaarabu. Haya, ustaarabu ndio huu."

Nikakaa kwenye benchi, si kwa huruma. Nilitaka kumsikiliza maneno yake yote ili nione wapi yatapishana. Watu wanaotunga, ukiwauliza kwa kurukaruka, hupoteza mpangilio. Yeye hakupoteza.

Aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi wa mwezi mmoja, kuja kufua taulo. Msuguaji mkuu alikuwa mama mkwe wake, naye hakutaka kumfundisha, alisema mikono ya mkamwana ni ya kukata vitunguu. Basi akajifunza kwa kuiba kwa macho, akipita na ndoo anasimama kidogo. Mama mkwe alipoteguka nyonga, akakosa hata wa kumwogesha, ni yeye aliyemsugua nyumbani, na mgongo wa yule mzee ndio uliomfunza: hapa taratibu, hapa kaza, hapa usiguse. Mzee alivumilia wiki mbili bila kusema kitu, halafu akasema, "Kesho nenda ukachukue glavu yangu."

"Na mume?"

"Mume alikuwa dereva wa lori. Siku moja akaliegesha kwa mwanamke mwingine, mpaka leo halijawaka. Mimi nikabaki na mama yake."

"Mpaka leo?"

"Yupo nyumbani, kitandani. Ananikosoa kwa mdomo, mikono haina nguvu."

Nikamuuliza kwa nini asiende kusugua kwingine. Akaniambia mji mzima una hamamu moja tu, na kazi nyingine haijui. Akanyoosha viganja: vidole vimepauka na kujikunja kwa maji, ngozi ya ncha imekuwa laini kama ya mtoto, haina hata michirizi. "Nani atampa kazi mtu mwenye mikono hii? Hata sindano haikai."

Halafu akanieleza, kama mtu anayeaga bidhaa zake, kwamba taka za watu hazifanani. Za mpishi wa jiko la mkaa zinatoka nyeusi. Za mtu anayejipaka mafuta sana zinakatika fupi fupi. Za mwenye mawazo zinang'ang'ania shingoni. Yeye humwambia kila mteja zake zinasema nini, ndiyo maana wanarudi.

"Na zangu?"

"Zako sijazitoa," akasema. "Ulikataa."

Maneno yalinyooka. Lakini nimewahi kununua jora zima kwa maneno yaliyonyooka, nikalikuta limeoza katikati. Nikamwambia, "Vaa glavu. Twende mapokezi."

Pale mapokezi palikuwa na wanawake wawili wanangoja zamu. Msimamizi aliposikia ninachotaka akasema hapa si mahali pake. Nikamwambia ndipo nilipolalamikia, ndipo patakapoamuliwa. Nikakunja mkono wa gauni, nikaweka mkono juu ya meza yake ya kioo. Ngozi ilikuwa bado imelainika. Msasa akavaa glavu, akaushika mkono kwenye kiwiko, akavuta mara moja kuelekea kwenye kifundo cha mkono, kwa mvuto mrefu, bila haraka.

Zikatoka. Sitaki kueleza sana. Zilikuwa za kijivu, zimejiviringa kama masalio ya kifutio, zikaanguka juu ya kioo mbele ya watu. Mimi ninayeoga asubuhi na jioni!

"Eeh, dada umelimika," mmoja wa wale wawili akasema.

"Shamba zima hilo," mwenzake akajibu. "Na bado mkono mmoja tu."

Mdogo wangu naye kasimama mlangoni na kikombe, hana hata msaada.

"Basi nimekosea kusikia," nikamwambia msimamizi. "Futa lalamiko."

"Limeshaandikwa, mama. Daftari linasomwa na mwenye hamamu."

"Wewe ndiye uliyewapa neno hilo. Nilipokwambia alisema 'unataka', hukujua?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akachukua muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. "Mteja akisema kauziwa, mimi ni nani nimbishie?"

Mpaka leo naamini alijua pale pale. Sina ushahidi. Ila mwanamke anayezeeka kazini, anayeijua nyumba kuliko msimamizi wake, ni mzigo kwa msimamizi, na mimi nilikuwa nimemletea gari la kuubebea.

Tukaanza kuvutana. Nilitaka lalamiko lifutwe na tiketi zangu mbili zibaki, kwa sababu usumbufu nimeupata kweli. Akasema fidia bila lalamiko haipo. Nikasema ibaki moja. Akasema hata nusu. Nikageuza mkoba kama ninayeondoka, mbinu ambayo hunisaidia mara tisa katika kumi. Yeye akaninyooshea kalamu tu. Msasa kasimama pembeni, glavu bado mkononi, anaangalia zile tiketi juu ya meza. Kazi yake ilikuwa imefungwa kwenye vipande viwili vya karatasi, na alijua aliyevishika ni mtu wa aina gani.

Nikavirudisha. Tena ilibidi niandike kwa mkono wangu mwenyewe, chini ya sahihi yangu: *Nilisikia vibaya. Mhudumu hakuniuzia kitu.* Sijawahi kuandika kitu cha kunikandamiza hivyo tangu nianze biashara.

Msimamizi akasoma, akafunga daftari. "Vizuri. Ila lisitokee tena. Kuanzia leo wasuguaji hawasemi na wateja. Si taka, si nongo, si hujambo. Mteja wa kugeuka, mguse bega mara mbili."

"Nisiseme kabisa?" Msasa akauliza.

"Kabisa."

Akafunga kitambaa chake kichwani upya, akarudi ndani. Hakuniambia ahsante, na sikuwa naidai.

Siku mbili baadaye nililipa kwa mfuko wangu nikarudi kwa Msasa. Nilisuguliwa kila mahali, bega langu likaguswa mara mbili, nikageuka, likaguswa tena, nikageuka. Nilipouliza taka zangu zinasema nini, aliendelea kumwaga maji. Nilisikia wateja wengine wakinong'ona kwamba yule mama siku hizi kawa na kiburi, na jiwe la pili, la msuguaji kijana, lilikuwa na foleni kuliko lake.

Jioni ya mwisho, tukiwa tunakwenda kituoni na masanduku, nilimwona anatoka kwenye lango la nyuma na mfuko wa sabuni. Nje hapakuwa na sheria ya kunyamaza. Nikamsalimia kwa sauti. Akanitazama usoni, akaendelea na safari yake.

"Kakununia," mdogo wangu akasema.

Huenda. Au huenda mtu anayeona migongo mchana kutwa hakunijua nikiwa nimevaa. Sikumfuata kumuuliza. Yeye kazi anayo, mama mkwe anakula, ila ile nusu ya kazi aliyokuwa akiifanya kwa mdomo imekwisha, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimletea watu. Mimi mabega yangu yamekuwa mepesi mwezi wa pili sasa. Nilichouliza, taka zangu zinasema nini, sikukipatia jibu, na hakuna mwingine wa kwenda kumuuliza.